Unga wa Mama na Shindano la Mizimu

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimetoboa pua! Nigel naye katoboa. Fundi mmoja, siku moja, pete za chuma zinazofanana. Jumamosi ni shindano la Mzimu Bora pale baa ya Kunguru, na mwaka huu kombe ni langu. Sisi magothi wa Leeds ni watu wa nguo nyeusi, nyimbo za huzuni na makaburi. Nimo humu tangu ujana. Lakini kila mwaka nikifika pale, mtu hunikabidhi koti lake akidhani mimi ni mlinzi wa mlangoni. Nataka mara moja tu niitwe jukwaani kama mwenzao. Basi.

Tulipita kununua chai. Bibi mmoja kamwambia Nigel pete imempendeza, kijana mbunifu kweli. Akanigeukia mimi. Akahamishia mkoba wake upande wa pili. Nigel hakuona kitu. Nigel ni Mzungu, huwa haoni kitu.

Jumanne, 21 Oktoba

Mimi na Nigel tunauza mazulia duka moja. Meneja, Bwana Broadbent, kasema pete ya Nigel inalipatia duka sura ya ujana. Mimi kaniita pembeni. Kaniuliza, kwa sauti ya upole, kama nina matatizo na polisi. Eti wateja wataogopa. Wateja wa mazulia!

Nina mbinu. Pete hii hupinduliwa juu ikajificha ndani ya pua. Nimeipindua. Chozi limenitoka, lakini haionekani kabisa. Kasoro moja tu: nikipumua, inapiga mluzi. Mteja mmoja kauliza kama tunafuga kasuku.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mluzi umenichongea. Mama kaigundua pete. Kasema baba yake kule Jamaika alikuwa na ng'ombe mwenye pete kama hiyo, na ng'ombe yule alikuwa na akili kunishinda. Kasema haya ni mambo ya Wazungu. Nikamwambia Wazungu nao wanasema si mambo yangu. Akaniongezea samaki.

Sasa mbinu kuu. Mwaka jana jaji, Bi Hilary, aliniambia nimevaa vizuri mno, ila mzimu sharti uwe mweupe. Vyema! Nitajipaka unga. Mama ana mfuko mzima wa unga wa madonge ya supu. Pia ana kofia ya mazishi, nyeusi, yenye utaji wa wavu, kwenye boksi juu ya kabati. Nimeshaichukua. Jumamosi mwenyewe anakwenda kumzika Dada Hyacinth wa kanisani, kwa hiyo nyumba itakuwa tupu. Mbinu haina tundu!

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Tangu kituo cha basi hadi Kunguru unga ukawa uji. Nilifika na kofia ya Mama kichwani, nikiwa kama samaki anayesubiri kukaangwa. Mlangoni mtu kanipa koti lake. Bi Hilary kanitazama kwa huruma, kasema jitihada ameipenda, lakini labda nijaribu kundi la mavazi ya kuchekesha. Watu wakacheka. Nigel naye kacheka, kidogo. Hicho ndicho kilichoniuma.

Mlango ukafunguka. Mama! Katoka makaburini kichwa wazi, mvua yote imemwishia, kafuata kofia yake. Tangazo la shindano nililibandika mwenyewe kwenye friji. Gauni jeusi hadi kwenye vifundo, glavu nyeusi, uso umekunjwa. Ukumbi mzima ukampisha. Kauliza nani kamchafua mwanawe. Bi Hilary kamweleza kwa adabu kwamba, kwa desturi, mizimu huwa myeupe.

"Nani kakudanganya, bibiye?" Mama kasema. "Nimezika waume wawili na dada zangu wanne. Hakuna hata mmoja aliyenitokea akiwa mweupe."

Kisha akalowesha leso kwa mate, akaanza kunifuta mbele ya kadamnasi, kama mtoto wa chekechea. Alipofika puani akapunguza nguvu, akaizunguka pete polepole. Kasema uso huu kauzaa yeye, na hakukosea. Nikalia. Niliwaambia ni unga umeingia machoni.

Kombe kapewa Nigel.

Jumapili, 26 Oktoba

Nigel kaja na kombe. Kasimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Kasema jana aliona yule mtu akinipa koti. Ndiyo mara yake ya kwanza kuona. Na bado alicheka, na hakupata usingizi. Nimwambie nini? Nilimwambia ingia, ndugu yangu, supu inapoa.

Supu haikuwa na madonge, unga uliishia usoni kwangu. Mama kamkagua Nigel pua, kasema naye anafanana na ng'ombe wa baba yake. Hatimaye Leeds kuna mtu anayetuona sawa! Nimempenda Mama kupita kiasi. Kombe kalitia chumvi, liko mezani.

Nimejifunza jambo kubwa wiki hii. Kosa lilikuwa unga wa ngano, hauvumilii mvua. Mwaka ujao ni unga wa mchele, na mwavuli. Mama kaifungia kofia kabatini kwa kufuli, na ufunguo anaulalia. Lakini usingizi wake ni mzito.