Vifungo vya Kila Alhamisi

Asubuhi ile redio ndiyo iliyotuchokoza. Tulikuwa benchini nje ya duka la fundi cherehani, mimi na birika langu la kahawa, na wale wanaume wawili wa kila siku. Daktari akatamka hewani kwamba maumivu sugu ya mgongo yanaweza kupungua kwa kukandwa, ukiongeza na mazoezi.

"Mmesikia?" akasema Mzee Redio, dereva mstaafu asiyeachana na karedio kake hata akienda chooni. "Kukandwa!"

"Ukandwe unga," akajibu Chuma, mpakiaji wa magunia, kifua mbele. "Mwanaume mzima unalala kifudifudi, mtu anakubonyezabonyeza kama embe la sokoni? Toba!"

"Na maumivu?"

"Yanazoeleka. Mgongo wangu unauma miaka. Mmenisikia nikilalamika?"

"Juzi uliinama kuokota kijiko ukabaki hukohuko," nikamkumbusha. "Tukadhani unasali."

Tukacheka. Fundi, aliyepinda juu ya cherehani kama ndoana, hakucheka.

"Fundi, we unasemaje?"

"Nilishasema zamani. Mwanaume si donge la unga."

Hajafunga mdomo, mkewe huyo! Furushi begani, shati la mumewe mkononi.

"Shikamoo, Bibi," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Safari?"

"Naenda kwa kaka yangu. Nimekuja kumuaga huyu baba mbele ya mashahidi." Akamtupia fundi shati. "Kila Alhamisi ananiambia anafuata vifungo vya nguo. Anarudi ananukia karafuu, uso laini kama aliyesamehewa dhambi. Vifungo gani hivyo? Anashonea bahari shati?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mke wangu, si unavyodhani. Ni… mgongo."

"Mgongo wa nani?"

Chuma akakohoa. Mzee Redio akaongeza sauti ya redio, ingawa yalikuwa matangazo ya vifo. Fundi akasema kwa sauti ya chini:

"Kuna mzee mkandaji, nyuma ya yadi ya mbao. Ananipaka mafuta ya karafuu. Bila yeye ningeshaacha kushona. Niliona haya, maana hapa benchini nimeapa mara ngapi…"

"Mzee! Na mimi mtoto wa chekechea. Shahidi wako nani?"

Fundi akalitazama benchi. Chuma akatazama mawingu. Mzee Redio akakagua betri. Loo! Ndoa ya watu inakufa, na hawa wanatunza sifa zao!

"Mwanangu," nikasema, "pua unayo. Anza na huyo mwenye kifua."

Akainama shingoni kwa Chuma, akanusa, akaruka nyuma.

"Karafuu!"

"Nilikuwa naumwa jino," akasema Chuma.

"Jino lako limeota kisogoni?"

Akamgeukia Mzee Redio. Huyo hakungoja kunuswa. Akazima redio mwenyewe, jambo ambalo hatujawahi kuliona.

"Mimi ni Jumatatu," akasema.

"Basi huyo mwanamke," mke wa fundi akafoka, "amewamaliza wanaume wote wa benchi hili!"

Nikaona dawa imekuwa sumu. Nikashusha mtandio, nikamwinamishia shingo.

"Nusa na hapa."

Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena.

"Bibi! Na wewe?"

"Jumatano. Au mlidhani birika hili linajibeba?"

Alijizuia kucheka, kicheko kikamtoka puani. Furushi likateremka chini. Akaligusa bega lililokuwa limelibeba, akaliminya kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Hivi huyo mzee… na wanawake anawapokea kweli?"

"Anawapokea!" Fundi akadakia, amesimama wima kuliko siku zote. "Alhamisi twende wote, mke wangu!"

"Twende wote wapi?" Akamkabidhi furushi alibebe yeye. "Alhamisi utabaki na watoto. Vifungo nafuata mimi."