Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Leo sina pa kuuweka uso. Nawaandikia nikiwa nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya ndoo, goti limefungwa kitambaa. Nimeona heri mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla halijawafikia kwa njia nyingine. Litawafikia tu. Kulikuwa na mashahidi.

Wengi kwenye kikundi hiki mnalijua gari langu. Ndilo lile ninalowachosha nalo kwa picha: gari dogo la rangi ya krimu, taa za mviringo, usukani mwembamba kama mwanzi. Limenizidi umri. Nililinunua kwa mwalimu mstaafu wa Kithimani, na tangu siku hiyo mke wangu Ndinda hajawahi kulitazama kwa jicho zuri. Yeye husema ana watoto wawili nyumbani, Mwende na mwingine anayekunywa petroli.

Wiki hii akanipa sharti. Leo Mwende alikuwa anapokea kipaimara hapa mjini Machakos, na nyanya yake alipaswa kutoka Tala kuja kumwona. Ndinda akasema nikamchukue mama yake kwa gari langu hilohilo. Mama akifika salama na kwa wakati, maneno ya gari yameisha. Asipofika vizuri, gari linauzwa. Nikakubali hapohapo. (Najua. Msiniambie.)

Kwa wale ambao si Wakamba, niwaeleze kidogo. Kwetu kuna kitu tunakiita nthoni, yaani ile heshima yenye woga kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe hapewi mkono ovyo. Ukiongea naye unatazama pembeni. Ukikutana naye kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unaingia kwenye miiba. Kwa miaka yote tangu nimwoe Ndinda, sijawahi kukaa na mama yake peke yetu hata kwa muda wa kikombe cha chai. Na leo nilikuwa namwendea na gari dogo.

Asubuhi lilinguruma mara moja tu likawaka. Nikaenda Tala bila shida yoyote. Nilipofika nilimkuta Mwaitu (ndivyo ninavyomwita, yaani mama yangu) amesimama nje, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Pembeni yake kulikuwa na kuku wawili kwenye kikapu, ndizi, gunia la mihogo na mtungi wa uji. Mimi nilikuwa nimepanga akae kiti cha nyuma. Tulipomaliza kupakia, kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa hadi dirishani.

Akatazama mizigo. Akatazama kiti cha mbele. Nikamfungulia mlango nikiwa nimegeuza uso, kama mtu anayefungua choo cha watu. Akaingia, akajibana huko mlangoni. Mimi nikajibana upande wangu. Katikati yetu kulikuwa na gia na hendibreki, basi.

Kangundo tulipita vizuri. Yeye alitazama mashamba, mimi nikatazama barabara. Halafu milima ikaanza, na mshale wa joto ukaanza kupanda.

Mnaoendesha magari ya umri huu mnaujua woga huo. Jicho moja liko barabarani, jingine liko kwenye mshale. Niliusemesha kimoyomoyo. Haukusikia. Ikabidi nifanye lile ambalo sote hufanya: nikawasha hita mpaka mwisho, ili joto la injini litoke lije kwetu. Ilikuwa karibu saa tatu na jua la Ukambani limeshakasirika. Dirisha la upande wake hushuka nusu tu. Nikaona jasho likimshuka Mwaitu kutoka kwenye kitambaa, likapita shavuni, likaingia kwenye kola. Nilijua lazima nimweleze, kwa hivyo nikamweleza habari za rejeta, maji na upepo, huku nikiongea na kioo cha mbele.

Akauliza kwa upole, "Kwa hivyo gari likiona joto, tunalisaidia kuiva?"

Nikasema ndiyo, Mwaitu.

Mshale ukashuka. Nikapumua. Tulipofika juu kabisa injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Niliona sura ya Ndinda mlangoni mwa kanisa. Nilimwona mnunuzi akilizunguka gari langu, akipiga matairi teke. Nikashuka, nikafungua boneti, nikagusa hapa na pale. Nilishuku petroli imechemka kwenye pampu ikageuka mvuke. Dawa yake mnaijua: kitambaa chenye maji, unakifunga kwenye pampu, unangoja ipoe. Maji nilikuwa nayo, chupa nzima. Kitambaa sikuwa nacho. Kuvua shati mbele ya mama mkwe, heri nitembee mpaka Mombasa. Mwaitu akaona ninavyozunguka, akaanza kufungua leso aliyojifunga kiunoni ili anipe. Nikakataa kwa mikono yote miwili. Leso ya mama mkwe ifungwe kwenye pampu ya petroli? Ningeipeleka wapi laana hiyo?

Nikajificha nyuma ya gari, nikavua soksi. Nikazilowesha, nikaifunga pampu vizuri. Tukangoja. Nikajaribu, ikakataa. Tukangoja tena. Mara ya pili ikawaka, na sauti yake ikatulia kabisa. Nikaingia ndani, nikairusha ile chupa sakafuni, ikiwa bado na maji nusu, tukaondoka.

Na hapa niseme ukweli, kipande kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko safari zote nilizowahi kwenda na gari hilo. Barabara ilikuwa tupu. Hita imezimwa, upepo unaingia, matuta ya mashamba yamepangana mlimani kama ngazi. Injini inaimba. Mwaitu akaanza kuvuma wimbo wa kanisa, polepole. Kisha akapiga dashibodi kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe mpole, akasema sauti ya gari inamkumbusha basi lililompeleka kwa kina mume wake siku alipoolewa. Jamani, nilitaka kulia. Nikajisemea, gari haliuzwi.

Muda mfupi kabla ya Mutituni kuna mteremko. Nikapanda tuta polepole, nikashuka, na gari likaanza kuteleza lenyewe. Huko chini kwenye kona niliona matawi ya kuonya magari yamewekwa barabarani. Mbele ya matawi, lori la mchanga limeharibika, limekaa katikati ya njia yetu. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusimama. Nikakanyaga breki.

Breki haikuingia.

Sikilizeni, breki ikifa kawaida mguu huenda mpaka chini. Hii ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikakanyaga tena. Jiwe. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Gari linaendelea. Lori linakua. Niliona nambari zake. Niliona mchanga ukidondoka kwenye mlango wa nyuma. Vitu vyote ninavyojua kuhusu magari vikanitoka kichwani. Gia sikuzikumbuka. Hendibreki sikuikumbuka, na ilikuwa imegusana na paja langu. Mtu ambaye huwashauri hapa kila jioni kuhusu breki na kabureta, leo nilikuwa na wazo moja tu, la mlango.

Nikapiga kelele, "Mwaitu, ruka!"

Kisha nikaruka.

Nilitua kwenye mtaro. Nikabingirika, suruali ya kanisani ikapasuka gotini, mdomo ukajaa vumbi. Nilipoinua kichwa niliona gari langu likienda zake bila mimi. Kupitia kioo cha nyuma, juu ya ndizi, niliona kitambaa cheupe kimesimama wima. Hakikugeuka. Nilifumba macho nikasubiri mlio. Katika sekunde hizo nilishamzika mama mkwe, nilishatalikiwa, nilishahama Ukambani.

Mlio haukuja. Kulikuja tu sauti ya kuku.

Nikafungua macho. Gari limesimama. Lilikuwa mbali na lori, mbali kabisa, hata matawi halijayafikia.

Mwenye boda boda mmoja alikuwa nyuma yetu, anasukuma pikipiki iliyoishiwa petroli. Alikuja akasimama juu ya mtaro, akanitazama kwa huruma. Aliniambia alikuwa karibu kutupita. Nikamuuliza, kutupita kwa miguu? Akasema ndiyo, kwa miguu, na kwamba alipoona nimeruka alidhani nimeona nyoka. Ng'ambo ya barabara akina mama wanne wa kwaya, wenye sare, walikuwa wamesimama wameshika vitabu vya nyimbo vifuani. Mmoja alikuwa amegeukia ukingo wa shamba, mabega yanamtikisika. (Hakuwa analia.)

Nikatembea hadi kwenye gari nikichechemea. Safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kutoka Tala. Mwaitu alikuwa amekaa vilevile, mkoba mapajani. Hendibreki ilikuwa imevutwa mpaka juu. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameshika ile chupa ya maji. Alikuwa ameinama akaitoa chini ya kanyagio la breki, ilipokuwa imebingirika ikajibana. Mimi ndiye niliyeiweka hapo. Gari halikuwa na kosa lolote.

Akanipa chupa kupitia dirisha la upande wangu. Mara ya kwanza maishani mwangu nilimtazama usoni, na yeye akanitazama.

"Baba Mwende," akasema, "uliniambia niruke."

Nikasema ndiyo, Mwaitu.

"Huu mlango haufunguki ukiwa ndani."

Ni kweli. Haufunguki. Hufunguliwa kwa nje tu, na mimi ninalijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Nilisimama hapo bila soksi, goti linatoka damu, nikaomba ardhi ipasuke kidogo tu, saizi yangu.

Akasema niingie twende, mtoto anangoja.

Woga wa lori ulikuwa umeisha, sasa nilikuwa na woga mkubwa zaidi. Niliendesha nikifikiria atamwambia Ndinda nini, na ataanzia wapi. Tulifika kwa wakati. Nikazunguka nikamfungulia mlango. Ndinda akatukimbilia, akamkumbatia mama yake, kisha akatazama suruali yangu. Nikasema nilipiga magoti kuangalia chini ya gari. Mwaitu alikuwa karibu, akasikia. Akarekebisha kitambaa chake akaingia kanisani.

Ibada nzima sikuisikia. Mwende alipopakwa mafuta nilisimama kama wengine, lakini jicho langu lilikuwa kwa Mwaitu, viti vitatu mbele. Aliimba nyimbo zote. Hakuna kitu kinachotisha kama mama mkwe mtulivu.

Tukarudi nyumbani kula. Watu walikuwa wengi: shemeji zangu, majirani, wazazi wasimamizi wa Mwende. Nilikuwa nagawa soda nikijaribu kubaki karibu na mlango. Ndipo Ndinda, kwa sauti ya kila mtu, akamuuliza mama yake safari ilikuwaje, na kama hilo gari tuliuze au tuliache.

Mimi nikageukia mlango na chupa zangu za soda.

Mwaitu alimaliza kutafuna kwanza. Akajipangusa mdomo. Akasema, "Gari msiuze. Gari halikunikimbia."

Ndinda akaangua kicheko kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akanitazama. Akatazama goti. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amerudi kwenye nyama yake kwa amani. Shemeji yangu mkubwa akaweka sahani chini na kuuliza polepole, "Ni nani alikukimbia?"

Sikungoja jibu. Nilisema naenda kuongeza barafu. Nyumba yetu haina friji.

Kutoka jikoni nilisikia kila kitu. Mwaitu hakuongeza chumvi hata punje moja, hakuhitaji. Alipofika kwenye "Mwaitu, ruka" ilibidi arudie, kwa sababu watu walikuwa wanaanguka kwenye viti. Mwende, mtoto aliyejazwa Roho Mtakatifu leo asubuhi, alicheka mpaka akapaliwa na kipande cha chapati.

Muda si mrefu uliopita wameondoka. Mwaitu alisema atarudi Tala kwa gari lilelile, kwa sharti moja, kwamba bintiye ndiye aendeshe. Ndinda, ambaye ana leseni lakini hakuwahi kuligusa, alichukua ufunguo kwenye msumari kana kwamba ni wake. Akaniuliza tu lile la soksi, kama zibaki kwenye pampu au zitolewe. Nikamwambia aziache. Wametoka getini wamekaa mbele wote wawili, wakicheka, na injini ilikuwa imetulia kuliko siku zote.

Kwa hivyo gari limebaki. Ninachoomba kwenu ni kimoja tu: tukikutana mjini, niulizeni hali ya goti, muishie hapo.