Polishi ya Bafuni na Mama Mkwe

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbuka mbele ya mama mkwe, nikiwa na bukta yenye tundu (tundu lenyewe liko nyuma).

Mama mkwe amekuja kwetu Bunju juzi kutoka Dodoma, kutibiwa magoti. Ni mara yake ya kwanza kulala nyumbani kwangu. Kwa mila za kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, na hata maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Mke wangu Neema akiwepo, yeye ndiye mpeleka ujumbe. Asipokuwepo tunamtumia paka.

"Paka, hivi baba Zawadi ameshakunywa chai?"

"Paka, mwambie mama nimeshakunywa, nashukuru."

Ndivyo tunavyoishi. Ila moyoni nilikuwa naumia, nisiwafiche. Mama yangu mzazi alishafariki. Huyu ndiye mama niliyebaki naye, halafu salamu zake zinanifikia kupitia mnyama.

Basi leo asubuhi, Neema kaenda kazini, mama kajilaza, nikaamua nimfurahishe mgeni wangu kwa kusafisha bafu. Maji yetu ya kisima yana chumvi, marumaru zilikuwa zimeshika utando mweupe. Nikabaki na bukta. Nikamwagia siki, nikaiacha kidogo, nikasugua kwa brashi. Kwenye ile mistari ya katikati nikatumia mswaki (wa Neema, naomba asiambiwe). Utando ukatoka wote!

Hapo ningeacha, saa hizi ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini mie nimekulia kwenye nyumba ya sakafu ya saruji, na kwetu usafi ulikuwa haujaisha mpaka sakafu ipigwe polishi ujione uso. Nikachukua polishi, ile isiyo na rangi, nikapaka bafu zima. Nikafuta kwa tambara. Weee! Marumaru ziling'aa mpaka nikajisikia vibaya kuzikanyaga. Nikatoka, nikasimama mlangoni najisifia peke yangu.

Mara nasikia mkongojo. Ko. Ko. Ko. Mama anakuja chooni.

Ndipo akili ikarudi. Magoti yale, juu ya polishi ile! Nikasema ngoja nijaribu kwanza kwa mguu mmoja, nione kama kweli panateleza.

Panateleza.

Mguu mmoja ulielekea Bagamoyo, mwingine Kawe. Nikatua kwa makalio, nikapiga ndoo, maji yote yakamwagika, nikaishia kichwa chini ya sinki na miguu imekumbatia choo. Nikajaribu kusimama, nikarudi chini. Nikajaribu tena, nikarudi chini na sabuni juu.

Mkongojo ukasimama mlangoni. Mama akaniona. Papo hapo akageuza uso, akatazama ukuta wa korido.

"Paka," akasema taratibu, "huko ndani kuna usalama?"

"Paka, mwambie mama asiingie! Ataanguka!"

(Paka mwenyewe alishakimbia tangu ndoo ilipolia.)

Mama akavua khanga yake ya juu, akanirushia huku bado anatazama ukuta. Nikajifunika. Akaondoka zake, nikadhani kaniacha niaibike kwa nafasi. Kumbe kaenda jikoni! Akarudi na majivu ya jiko la mkaa, akayamwaga juu ya marumaru zangu. Asubuhi yangu yote ikafunikwa na majivu. Kisha akaninyooshea mkongojo nishike ncha. Nikavuta, ukamponyoka, ukanipiga kwenye paji la uso.

Hapo akageuka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

"Lete mkono."

"Mama, mila..."

"Mila haikusema mtu afie chooni. Lete mkono, mwanangu."

Mwanangu! Akaegemea mlango, akanivuta kama anavuta mbuzi mkaidi. Machozi yalinitoka, mtu mzima na ndevu zangu. (Nilisingizia siki.)

Neema aliporudi alinikuta sebuleni, nimelala kifudifudi, mama ananichua mgongo kwa mafuta ya nazi.

"Jamani, kuna nini?"

"Punguza sauti," mama akasema. "Mwanangu kaanguka."

"Mama! Umemgusa?"

"Nimemgusa. Mbingu hazijaanguka, aliyeanguka ni yeye."

Neema alikaa chini pale pale mlangoni na mkoba wake begani. Nilidhani anacheka. Nilipogeuza shingo nikaona analia, na mama akamwambia akalie jikoni huku anaweka maji ya ugali, maana mgonjwa ana njaa. Leo tumekula sinia moja, sote watatu na mtoto wetu Zawadi. Mama ndiye aliyenimegea samaki.

Kesho tunaanza kuitoa hiyo polishi kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Wapendwa, polishi ni ya saruji. Na tafadhali msicheke, maana mkicheka nami nitacheka, na mama kasema nikitikisika tu anaanza kunichua upya.