Dawati la Nyuma ya Profesa

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwisha! Mwalimu wa hesabu, tunayemwita Rula kwa jinsi alivyonyooka, ametangaza mtihani wa marudio Alhamisi. Kugawanyika kwa namba, na milinganyo. Nikianguka tena narudia darasa. Na mwakani nani anapanda kuingia darasa hilohilo? Mdogo wangu! Yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Jioni kaniuliza, tena mbele ya Baba, kama nitamwekea nafasi kwenye dawati langu. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefungua kitabu. Nimekifunga. Nina mpango bora. Profesa, bingwa wa darasa letu, ana mwandiko mkubwa kama wa bango. Nimemwomba nikae nyuma yake. Akajitia kufikiri. Mwishowe akasema sawa, ila nimfagilie darasa zamu yake yote. Mnyonyaji! Nimekubali.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefagia. Mgongo unauma. Baba ameuliza kama nimejiandaa. Nikamjibu ndiyo, Baba, sana tu. Akanitazama, akasema haya.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa! Rula kakagua mikono, kakagua madawati, kasimama mgongoni mwangu mpaka nasikia anavyopumua. Jasho chapachapa. Alipogeuka tu, nikachungulia. Swali la kwanza Profesa kaandika x = 9. Nami nikaandika. Kisha nikakumbuka Rula hututaka tuhakiki, turudishe jibu kwenye mlinganyo. Karatasi yangu inasema 4x − 5 = 23. Nne mara tisa, thelathini na sita. Toa tano, thelathini na moja. Siyo 23! Moyo paa! Lakini Profesa hakosei. Basi aliyekosea ni mwalimu, wakati wa kuchapa. Maskini, uzee huo. Nikafuta 23, nikamwekea 31.

Swali la pili: je, 4,137 inagawanyika kwa 3? Profesa kaandika hapana. Nikajumlisha tarakimu, kumi na tano. Inagawanyika vizuri kabisa! Kosa jingine! Nikageuza ile 7 ikawa 6. Jumla kumi na nne, haigawanyiki. Safi. Nimesahihisha maswali yote hadi kengele. Sijapata kufanya hesabu nyingi vile maishani.

Ijumaa, 8 Novemba

Sifuri! Kumbe Rula alitunga karatasi mbili tofauti, moja ya aliyekaa mbele na nyingine ya aliyekaa nyuma yake. Kaniita ofisini pamoja na Baba. Kasema uhakiki wangu wote ulikuwa sahihi, na kwamba mtu anayeweza kugundua 9 si jibu angeipata 7 mwenyewe bila shida. Baba hakugomba. Alisema tu twende nyumbani. Nililia njia nzima, wala sikujali watu.

Jioni mdogo wangu kaniletea chai. Hakunicheka. Kasema kwa upole kwamba atanifundisha, tuanze hata leo. Nikamwambia asijisumbue, mwakani akae tu dawati la mbele yangu. Ila safari hii, kabla ya kuchungulia, nitahakikisha kwanza karatasi zetu zinafanana.