Kamera ya Zamani Hupiga Zamani

Ana jicho moja, hana kope, akikutazama mara moja hakusahau. Mmeshindwa? Nipeni mji, nijijibie: kamera. Na ile ya kijana mmoja aliyeitwa Mdomo Asali ilikuwa kuukuu hasa, imefungwa mpira ili betri zisidondoke. Aliipata kwa muuza vyuma chakavu kwa maneno matamu tu.

Kesho yake alikuwa aende ukweni kujitambulisha. Mchumba alikwisha kumwambia mama yake kwamba bwana ni mpiga picha mkubwa, mwenye simu ya maana. Simu yenyewe hana. Ndipo, akipita dirishani kwa fundi cherehani, akamsikia fundi mwenyewe, mama wa makamo, akiisuta simu yake mpya.

"Inanichongea hii. Kila kunyanzi inalitangaza."

Mdomo Asali akapiga hodi akiwa ameshaingia. "Shikamoo, shangazi. Kosa si lako. Hiyo ni kamera ya sasa, inapiga sasa. Hii yangu ni kamera ya zamani."

"Inapiga nini?"

"Zamani. Jina lenyewe linasema."

Akamkalisha ubavuni mwa dirisha, akatundika shuka jeupe upande wa pili ili mwanga umrudie usoni. Lenzi akaivalisha soksi nyembamba ya kike, kamera akaiegemeza juu ya cherehani isitikisike. Hayo tu, wajukuu zangu, ndiyo siri ya kamera maskini. Kwenye kioo cha kamera fundi akatokea laini kama yai lililomenywa.

"Huyu ni mimi kabla sijaolewa," akanong'ona.

"Tubadilishane, simu kwa kamera. Naumia, lakini wewe ni shangazi."

Simu ikahamia mfukoni mwa Mdomo Asali, mbele ya wateja wawili waliofuata magauni yao.

"Ngoja nikupige na wewe, mwanangu, uniachie kumbukumbu." Fundi akampiga, akatazama kioo. "Kweli ni zamani. Nakuona umebeba mtungi wangu wa gesi, ule uliopotea."

Wateja wakasimama. Mmoja alishika mkasi wa vitambaa.

"Mtungi gani, shangazi? Mimi leo ndiyo mara ya kwanza kufika hapa."

"Leo, sawa. Kamera hii leo haiijui."

"Lakini hapo nimesimama tu, mikono mitupu."

"Kwa hiyo inapiga sasa?"

Mdomo Asali, aliyewahi kumuuzia mwenye upara kitana, akautazama ule mkasi. Ikipiga zamani, yeye mwizi wa mtungi. Ikipiga sasa, yeye tapeli wa simu.

"Ni soksi, shangazi," akasema taratibu, akiirudisha simu. "Soksi na dirisha."

"Basi chukua soksi yako. Dirisha ni langu. Kamera ibaki, iendelee kuutafuta mtungi."

Kesho yake akaketi ukweni.

"Tumesikia una kazi kubwa mjini, baba," akasema mama mkwe.

"Nimebadilisha, mama. Sasa ni biashara ya soksi." Akaitoa mfukoni, akaitandaza mezani kwa heshima zote.

Mama mkwe akaiinua kwa vidole viwili, akaichungulia kwenye mwanga. "Mzigo wote ndio huu, au kuna mguu wa pili?"

Hapo Mdomo Asali akakumbuka kwamba yeye mwenyewe anayo miguu miwili, tena mizima, na mlango uko wazi.