Gesti ya Mama Shamimu Yapewa Moja

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza kwamba Mtwara yetu imeingia rasmi kwenye mtandao wa dunia. Imeingia kwa alama sita nukta tatu, na mwenye alama hizo alikuja kijiweni kwetu, jirani na geti la bandari, kama mtu anayetafuta wa kumpiga.

"Juzi nilikuwa na tisa," alisema Mama Shamimu, mwenye gesti ya vyumba vinne Shangani. "Leo nimeamka na sita. Nimeiba kuku wa nani?"

Sudi, mpakua mizigo tunayemwita Winchi, aliweka kikombe chini. "Kwani alama anatoa nani? Bwana afya?"

"Bwana afya ana nafuu, ukimkaangia pweza anaelewa. Hizi wanatoa wageni wakishaondoka. Usafi, kitanda, chai, kila kitu kinapewa alama, mwisho kumi. Tovuti ya kuwekea vyumba inajumlisha, inagawanya. Mwenye alama ndogo anasukumwa chini kabisa, ambako mteja hafiki. Na wazungu wa gesi wanachagua gesti wiki hii. Nikiwakosa hao, nafunga."

"Rahisi. Kijiwe kizima tukupe kumi kumi."

"Anatoa aliyelala tu."

"Basi tuje tulale."

"Wewe Winchi ukikoroma, meli zitadhani zinaitwa."

Mwalimu Gaudensi, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha, alikohoa. "Wa mtandaoni umepata wangapi?"

"Watatu. Mzungu tisa, Mkenya wa korosho tisa."

"Basi wa tatu kakupa moja."

"Moja?" Winchi alishika kichwa. "Hata mahabusu haipati moja. Kaandika nini huyo?"

"Hapo ndipo ninapochoka. Petro wa intaneti kafe kanisomea: 'Gesti hii yafaa kuigwa na mataifa yote. Maandazi yake yalinitoa machozi ya shukrani.'"

"Anakusifu kama marehemu, halafu anakuzika kweli."

"Ni nani huyo wa tatu?" aliuliza Mwalimu.

"Mzee Elisha wa Songea, aliyekuja harusini."

"Elisha? Yule hata simu anapokelewa na mkewe."

Wote wakanigeukia. Mzee Elisha ni mjomba wangu. Tena pale kijiweni hakuna mwingine anayeweza kuyataja mataifa yote kwa sababu ya maandazi.

"Profesa," alisema Winchi taratibu, akiniita kwa jina langu la kijiweni.

Nilisimama wima kama niko paredi ya shuleni. "Mjomba nilimwekea chumba mimi, na alama nikamjazia mimi. Lakini Mwalimu, nihukumu kwa haki. Bora ni wa kwanza darasani au wa kumi? Anayepeta ni mwenye Divisheni Wani, au siyo? Nikampa Mama Shamimu moja kila mahali. Hata chooni."



"Huu ni utani wako," alisema Mama Shamimu. "Kama ulivyobandika tangazo mlangoni kwangu kwamba tunapokea na mbuzi."

"Lile lilikuwa utani, mama, nakiri. Hili nilikuwa nakusifu kwa moyo wote."

Alijifunga kanga upya, tayari kuondoka.

"Siku nyingine, mwanangu, nitukane."