Chura wa Tumbo Jekundu na Harusi ya Profira

Jumatatu, 12 Aprili

Miezi mitano tangu nitoke nyumbani milimani. Kukata matete tu. Mbele matete, nyuma matete, na mgongo umepinda kama ndoana. Mto Danube mzima umejaa samaki, nasi tuko Kwaresima, samaki marufuku, tunakula maharage.

Harusi ya binti yangu Profira ni Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe 9 Mei. Nisipofika, shemeji yangu Gavril atakaa kwenye kiti cha baba. Gavril! Mtu aliyeniuzia farasi kipofu akaapa kwamba ni mpole tu!

Leo Zamfir, mkata matete mwenzangu ninayelala kando yake kwenye majani, kaniambia sheria ya huku. Kukata matete hakuna tarehe ya mwisho. Yule chura mdogo wa tumbo jekundu akianza kuita, msimamizi wetu, mzee Nichifor, anafanya ishara ya msalaba, na kila mtu anaweka mundu chini. Chura! Chura ndiye ataamua kama nitaingia kanisani na mwanangu!

Jumanne, 13 Aprili

Nimemsikia! Kre-kre-kre, kwenye mti wa mwerebi. Nikautupa mundu, nikapiga kelele kwamba kazi imekwisha. Walicheka mpaka mmoja akatumbukia majini. Zamfir akaniuliza kama kwetu milimani chura wa tumbo jekundu hupanda miti. Huyo ni yule wa kijani, kasema, anaita hata akiona wingu.

Mundu ulizama. Nimeutafuta kwa kupapasa kwenye maji ya baridi hadi wenzangu wakamaliza maharage.

Jumatano, 14 Aprili

Vicheko bwawani, kama walevi. Safari hii sikusema neno, nilimkonyeza tu Zamfir. Akatikisa kichwa: hao ni wale wakubwa wa bwawani, wanakucheka wewe. Nikamuuliza, basi wetu analiaje? Akaweka chupa mdomoni, akapuliza taratibu. Uuu... uuu... Huzuni tupu, kama mjane.

Nikaitazama chupa. Chupa ikanitazama.

Alhamisi, 15 Aprili

Wakati wa chakula nimejificha kwenye matete na chupa. Uuu. Uuu. Hadi kizunguzungu. Nikarudi natembea kama mtu asiye na habari. Wanaume wote vijiko hewani, macho chini. Hakuna aliyesema kitu!

Nikauliza kwa upole kama kuna aliyesikia chochote. Zamfir, mtu anayesikia kiroboto akikohoa, kasema sikio lake limeziba tangu asubuhi. Mwingine kasema labda ni tumbo lake lililounguruma.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimepuliza tena, kwa nguvu. Nikajibiwa! Uuu, kutoka ng'ambo ya maji, na chupa nimeshaiondoa mdomoni! Chura wa kweli!

Nikamkimbilia mzee Nichifor huku napayuka: "Mzee, anaita! Nimemsikia mimi! Wa kwanza mimi, asije mtu akadai ni yeye!"

Mzee akatega sikio. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. "Umesikia kweli, mwanangu."

Miundu chini. Shangwe. Zamfir akanibusu mashavu yote mawili, machozi yanamtoka. Nikadhani ni upendo.

Kisha mzee akaleta koti la ngozi ya kondoo na filimbi, akanivisha mbele ya wote. Huku, anayemsikia chura wa kwanza ndiye mwenye masikio mazuri kuliko wote. Na mwenye masikio mazuri hubaki peke yake kulinda matete yasiguswe na moto wala wezi, hadi shehena ya mwisho iondoke. Mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Na walijua! Wote!

Nililia kuhusu harusi. Mzee kasema atafikiria. Zamfir alipopanda mashua, sikio lake lilikuwa limezibuka. Kasema ananisikia vizuri kabisa ninavyomtukana.

Jumamosi, 24 Aprili

Mpango mpya: mlinzi kiziwi hafai. Mzee kaja na unga wa mahindi. Kaniita, nikatazama mawingu. Kapiga filimbi nyuma ya kisogo changu, sikutikisika. Machozi tu.

Akaketi, akashusha pumzi, akasema peke yake: "Maskini. Nami nilikuja kumchukua aende kwa binti yake, mpwa wangu abaki kulinda. Sasa kiziwi atasafirije? Mikokoteni itamkanyaga."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

Kanipigapiga begani, kaniachia vitunguu, kaenda zake. Nyuma yake vyura wakaanza. Wa kijani, wa kucheka, wa tumbo jekundu. Sasa ninawajua wote.

Jumapili, 25 Aprili

Nimeona nilipokosea. Kiziwi huachwa apumzike. Lakini kiwete! Kiwete lazima abebwe mpaka mlangoni kwake. Mguu nimeshauchagua, wa kushoto. Jumamosi mzee akija, masikio yamepona, mguu ndio umekwisha.

Profira, mwambie Gavril asikizoee kile kiti. Ijumaa kabla ya harusi naingia langoni, nimebebwa.